Mwaka Niliomwonjea Shangazi Kahawa

Mwaka jana tulimzika Hamidu, binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu Bi Zena, na siku ya hitma yake pale Mtawanya mjukuu wa marehemu, Nasri, alinitia aibu bila kukusudia. Kijana huyo anafanya kazi Dar es Salaam, na kazi yenyewe, kwa alivyonieleza mara tatu nikamwelewa mara moja, ni kuonja kahawa. Si kuiuza wala kuipika, ni kuionja. Wageni walipopungua alinikalisha ukumbini, akatoa mkobani mizani ndogo, kinu cha kuzungusha kwa mkono na pakiti tatu za buni, akapima, akasaga, akamimina maji ya moto taratibu kama mtu anayemwagilia mche, kisha akanipa kijiko. "Bibi, ivute kwa kelele, usione haya. Halafu niambie, unasikia nini?" Nikavuta, na nikasikia vizuri kabisa. Lakini mdomo ulikataa kufunguka, machozi yakanitoka, na wanawake waliokuwa karibu wakasema maskini, anamlilia kaka yake. Kumlilia nilikuwa namlilia, ni kweli, lakini pia nilikuwa namkasirikia, na nilikuwa najikasirikia mwenyewe, na sikuwa na uhakika ni yupi kati yetu anayestahili hasira zaidi. Ni karibu miaka hamsini sasa na bado sijaweza kuyapanga yaliyotokea mwaka ule yakakaa sawa. Naandika nijaribu tena.

Mambo ya nyumbani kwetu na sababu ya mimi kupelekwa Mikindani nayaacha, hayana kazi hapa. Ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu wakitolewa kwenye mashamba yao na kupelekwa vijiji vipya vya ujamaa, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule, najua kutaja mazao yote ya biashara ya nchi hii na mikoa yanakolimwa, na sijui kukuna nazi bila kujikata kidole. Shangazi alinipokea mlangoni, akaniangalia viganja vyote viwili, akasema, "Mikono ya karani. Haya, ingia." Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ya kizamani, kuta nene zilizoanza kumenyeka chokaa, na vyumba vitatu vya kupitana, hata ukitaka kwenda uani lazima upite pembeni mwa kitanda chake. Chumba cha katikati hakikuwa na dirisha. Humo ndimo alimohifadhi buni, kwenye mitungi iliyofunikwa kwa vitambaa, na hakuruhusu kiwekwe kitu kingine chochote, si samaki, si kitunguu, si sabuni, kwa sababu buni, alisema, huchukua harufu ya jirani yake upesi kuliko mtu anavyochukua tabia. Nilipewa mkeka wangu ukumbini, na kwa wiki ya kwanza nguo zangu zote zilinukia kahawa, nami nikidhani watu njiani wananigeukia kwa sababu hiyo.

Kazi ya Shangazi ilikuwa hiyo. Hapakuwa na hitma, maulidi wala harusi mjini ambayo kahawa yake haikutoka uani kwake. Wenye shughuli walimletea muhogo, kuni, samaki, kitambaa cha kanga, kila mtu kwa uwezo wake, naye akakaanga, akatwanga, akapika, akapeleka madele, birika zile za kahawa za shaba, yaking'aa. Dukani siku zile kahawa ilikuwa ni bahati kuikuta, sukari ndiyo usiseme, na buni, ambayo biashara yake ilishikwa na serikali, haikuwa kitu cha kutembea nacho ovyo barabarani, kwa hiyo alitegemea watu. Dereva mmoja Mmatengo, tukimwita Komba, alimletea buni za kwao milimani kila lori lake liliposhuka pwani. Za Bukoba zilifika kwa njia ambazo sikuambiwa. Na za tatu, ndogo mno, nusu ya punje za kawaida, zililetwa na Bi Awa, mwanamke wa Kionga, ng'ambo ya mdomo wa Ruvuma, aliyekimbia vita vya kwao akahamia kwetu na vyungu vyake vya kuuza. Kahawa yake iliota yenyewe vichakani huko kwao, na Shangazi aliifunga kwenye kitambaa cha peke yake.

Mwezi wangu wa kwanza pale haujaisha, Hamidu akaja. Alikuwa katibu wa kijiji kipya upande wa Nanyamba, kijana nadhifu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, akasifu chakula, kisha mimi nikaenda chumba cha katikati kuchambua buni, na kwa kuwa pazia si ukuta, nikasikia yote. Alisema nyumba ina nyufa, mvua ijayo itamwangukia. Alisema kule amemjengea chumba karibu na zahanati, na majirani ni watu wema. Shangazi akamwachia amalize. Kisha akasema, "Hamidu, mimi nina kazi. Mji huu wote unakunywa mkononi mwangu."

"Na siku utakayoshindwa, Mama?"

"Siku nitakayoshindwa kahawa, njoo na mkokoteni unibebe. Sitatia neno."

"Hiyo ni ahadi?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hamidu akacheka, akaaga. Mimi nilibaki na ungo mapajani nikijiuliza mbona mama na mwana wanaongea kama watu wanaopatana bei ya ng'ombe. Lakini neno la mkokoteni lilinikaa, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona Shangazi asubuhi akipitisha kiganja ukutani kwake anapotoka chumbani, kila asubuhi, na nilijua kuwa mtu huyu ukimtoa humu hatafika mbali.

Baada ya hapo akaanza kunifundisha, au niseme, mimi nilidhani ananifundisha. Kukaanga alinionyesha kwa jicho na sikio. Buni inalia, alisema. Ikilia mara ya kwanza ipunguzie moto, ukingoja ilie mara ya pili umekaanga mkaa. Alisimama juu ya kikaango cha udongo kichwa kimeinama upande mmoja, akisikiliza, na mkono wake haukukosea hata siku moja. Lakini ikishatwangwa na kupikwa, alinimiminia mimi kwanza kikombe, akakaa kwenye kibao mbele yangu, magoti yanagusana na yangu, akauliza, "Unasikia nini?" Basi mimi nikawa mwanafunzi. Nilitazama uso wake nitafute jibu, kama nilivyomtazama mwalimu wa jiografia. Nikisema "nzuri," alikasirika. "Nzuri si ladha, Rukia. Nzuri ni adabu. Nimekuuliza unasikia nini." Nikisema "chungu," aliuliza uchungu wa nini, wa mwarobaini au wa kisamvu kilichokosa nazi? Nikababaika. Nikatunga. Nilisema maneno niliyoyaona yakimlegeza uso, na nikashika yapi yanamlegeza: "nzito", "imeiva", "haijaungua". Akisikia hayo alishusha pumzi, akainuka kwenda kujaza madele, nami nikajipa alama. Kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuyaelewa na sikuyauliza. Alikula ming'oko, vile viazi vya porini, iliyoungua chini ya sufuria bila kukunja uso. Siku moja alinipa papa mchanga aliyekwisha kuharibika, akakaa anakula, nami nikala kwa kuwa yeye anakula, nikaugua tumbo siku mbili, na yeye akashangaa.

Katikati ya mwaka Komba alileta gunia dogo la buni za kwao, na lori lilikuwa limebeba pia mapipa ya mafuta ya taa. Nilipofungua gunia harufu ilinipiga usoni. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa anachota buni kwa viganja, anazigeuza kwenye mwanga, anazisifu punje zake, hakuna iliyovunjika, hakuna nyeusi. Nikajiuliza mimi nani hata nimwambie Bi Zena kuwa buni hizi zinanuka. Siku ya pili palikuwa na hitma ya mama wa mzee mmoja mkubwa hapo mjini, kaumu nzima ingekuwapo. Akakaanga, nikatwanga, akapika. Akanimiminia, akakaa kwenye kibao. "Unasikia nini?" Nilisikia taa ya chemni. Hakuna kitu kingine nilichosikia. Uso wake ulikuwa umetulia unangoja, na mimi najua walimu, mwalimu akituliza uso namna ile ujue swali lina mtego. Nikafikiri labda hii ndiyo kahawa bora yenyewe, na mshamba wa kahawa ndiye anayeona inanuka. Nikasema, "Nzito, Shangazi. Imeiva."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Akashusha pumzi, na tukaipeleka.

Sasa hapa ndipo akili yangu ilipovurugika kabisa, na naomba msomaji anivumilie kwa sababu hata leo nikikumbuka navurugika. Watu walikunywa. Wanaume barazani, wanawake uani, wote walikunywa kahawa ya mafuta ya taa, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Mzee mwenye shughuli alipokea kikombe cha pili. Mama mmoja aliniambia, "Mwambie shangazi yako mkono wake haujachuja." Nikajificha nyuma ya mlango nikaonja tena: taa. Nikamwangalia bibi mwingine akiinamisha kichwa, anakunywa polepole mpaka tone la mwisho, anasema alhamdulillahi. Nikaamua kuwa pua yangu ni mbovu. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu ya kweli, nikajaribu kunusa maganda ya ndimu, majivu, kanga yangu, vyote vikanuka kama kawaida yake, na hilo ndilo likanichanganya zaidi.

Kesho yake, saa nne asubuhi, Bi Awa akaja na vyungu vyake kichwani. Hapa niseme kwamba Bi Awa alikuwa Mmakonde na Shangazi Mmakua, na makabila hayo yana utani tangu enzi na enzi, kwa hiyo walisalimiana kwa matusi kila siku iliyokucha. Shangazi akampa kahawa ya jana iliyopashwa moto. Bi Awa akaitia mdomoni, akaitema yote kwenye mchanga.

"Toba! Zena, umetupikia taa? Mimi nikipita karibu na jiko hapa n'talipuka!"

Shangazi akacheka, kama inavyopasa kwa mtani. Kisha kicheko kikasimama katikati. Akanigeukia. "Rukia. Ina mafuta ya taa?"

Nikaangalia mchanga uliolowa.

"Nakuuliza wewe."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na jana?"

"Na jana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unanipima."

Alikaa chini mchangani, yeye asiyekaa mchangani, pale pale penye kahawa iliyotemwa. "Nikupime kwa kitu gani, mwanangu?" akasema. "Asiyejua ni mimi." Tangu homa ya masika, alituambia, hakusikia ladha wala harufu ya kitu chochote. Chumvi, sukari, ndimu, moshi, vyote ni maji. Alidhani vitarudi. Kisha nikaletwa mimi, akasema Mungu amemletea ulimi, na alikuwa akinitegemea mimi, mimi niliyekuwa nasoma uso wake wakati yeye anasoma wangu. Niliona haya ambayo sijapata kuyaona tena maishani. Bi Awa, ambaye kwa kawaida hakukosa neno, alimshika begani. "Nficha uchi hazai, mwenzangu," akasema. "Ungesema tu."

Lakini kilichomuumiza Shangazi zaidi hakikuwa mafuta ya taa. Alihesabu kwa vidole shughuli zote za tangu masika: harusi ile, maulidi yale, hitma zile tatu. "Zote walinisifu," akasema. "Na jana walinisifu. Sasa niambieni, sifa zipi zilikuwa za kweli?" Kwetu kinachotoka mkononi mwa mtu mzima hakitemwi wala hakisemwi, unakimeza unashukuru, na mimi mwenyewe nililelewa hivyo na nimewalea wanangu hivyo. Siku ile ndiyo mara ya kwanza nikaona adabu inaweza kumzunguka mtu pande zote asijue alipo. Nikamwapia, mkono juu ya kinu, kwamba akiniuliza tena nasikia nini sitamjibu ila nilichokisikia, hata kama kitamuudhi. Tulilimwaga gunia lote shimoni.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyoishi katika nyumba ile. Aliniuliza, nikamjibu, akarekebisha moto, tukapika tena. Kwa kuwa sikuwa na maneno ya kahawa nilitumia ya vitu vya kwetu. Ya Umatengo ikikaangwa kwa subira ilinukia korosho inayobanguliwa kwa mbali, na ikipoa ilikuwa na uchachu wa bibo bivu. Ya Bukoba ilikuwa na udongo, kama ukilamba kipande cha chungu kipya, nayo ilipenda tangawizi. Ile ndogo ya Bi Awa ilinishinda, mara ukwaju, mara jani fulani la porini ambalo nilijua nimepata kulitafuna utotoni nikiwa nachunga mbuzi na sikulikumbuka jina. Shangazi alinisikiliza macho yamefumba, na ninavyoamini, aliipata. "Endelea," alisema. "Na baada ya kumeza?" Watu wakaanza kumsifu upya, na mimi ndiye niliyejua kwamba safari hii wanasema kweli, nikawa namtazama tu na kutabasamu. Siri yetu ilitunzwa na Bi Awa kwa njia ya ajabu: aliitangaza. Kila alipokaa alisema, "Zena hasikii kitu yule, ukimpa majivu anameza," na watu wakashika mbavu, maana ni nani atakayeamini neno la mtani?

Ila siri ikiwa nzuri haina maana kuwa ni salama. Adhuhuri moja nilikuwa nimeenda kisimani, niliporudi nikakuta moshi umejaa vyumba vyote. Kaa la jiko la uani lilikuwa limerukia mkeka wa chumbani kwake Shangazi, mkeka umeungua nusu, na mwenyewe amekaa ukumbini, mgongo umeelekea huko, anasuka ukili na kuimba kwa sauti ndogo. Hakuwa na habari. Nilizima kwa maji niliyokuja nayo. Aliuangalia ule mkeka, akaniomba nisimwambie mtu, nikakubali, na usiku huo kwa mara ya kwanza nilimfikiria Hamidu bila kumchukia. Labda yeye ndiye aliyekuwa na haki. Labda mimi, kwa ulimi wangu, nilikuwa namweka mama wa watu katika nyumba itakayomuunguza. Niliyafikiri hayo mara nyingi na kila mara nilifika mahali pale pale, kwamba sijui.

Hamidu akaja Ijumaa moja baada ya swala, bila taarifa, na korosho kwenye kikapu. Alikuwa amekutana na Bi Awa stendi ya malori, akasikia utani wake, akacheka kama wengine. Halafu, kama alivyonieleza mkewe miaka mingi baadaye, alipofika nusu ya njia akaacha kucheka. Tulikula wali na mchuzi wa kolekole. Alikuwa mpole kupita kawaida. Baada ya kula akasema, "Mama, leo pumzika. Nitapika mimi kahawa, uone kama sijasahau." Shangazi akafurahi, unaweza kuwaza alivyofurahi, akamwelekeza mtungi. Nilimfuata uani kumsaidia, akanituma nikalete vikombe, niliporudi dele lilikuwa tayari limefunikwa.

Akammiminia mama yake kwanza, kisha mimi, kisha yeye. Chake hakukigusa. Shangazi alikunywa funda la kwanza, la pili, akamaliza, akapindua kikombe kidogo kuonyesha hakuna kitu. "Ahsante, mwanangu. Mkono wa baba yako kabisa huu." Wakati huo mimi nilikuwa nimeshatia changu mdomoni. Ilikuwa ni chumvi. Si ya kugusia, ni chumvi tupu, ya kuvuta ulimi nyuma. Nikamtazama Hamidu. Alikuwa amefumba macho, na sikumwona akishangilia. Midomo ilimtetemeka kama ya mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaiogopa. Alifumbua mdomo aseme. Nami nikatangulia. Sikupanga. Nilikuwa nimezoea kwa miezi mingi kwamba kikombe kikishuka kutoka mdomoni mwangu nasema nilichokisikia, na nikasema.

"Ina chumvi."

Shangazi hakunigeukia. Alikuwa anamtazama mwanawe, na hakukawia hata kidogo. "Ina chumvi, ndiyo," akasema. "Wewe Rukia ulitaka nimtemee mwanangu mbele yako?"

Hamidu akamwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akarudi kwake. Niliona anavyopotea. Alikuwa mtoto wa mji ule ule, alijua kuwa hivyo ndivyo mwanamke kama mama yake anavyoweza kufanya, anameza na kushukuru, na jaribio lake lote likawa halimwambii kitu. Akasema pole, Mama, nimekosea kopo, nilidhani ni sukari. Wote watatu tulijua kuwa kahawa ya nyumba ile haikupata kutiwa sukari hata siku moja. Akambusu mkono, akaaga haraka, na neno la mkokoteni hakulitamka tena, si siku ile wala siku nyingine yoyote.

Mimi nilikuwa nataka kurukaruka. Tulikuwa tumeshinda, nyumba imebaki, nikaanza kukusanya vikombe huku nikicheka peke yangu. Shangazi alikuwa bado amekaa pale pale, kikombe kiganjani, anapitisha kidole ndani yake.

"Rukia. Ilikuwa nyingi?"

"Nyingi, Shangazi! Nyingi sana."

"Kiasi cha mtu kukosea," akauliza, "au kiasi cha kukusudia?"

Hapo kicheko kikaniisha. Nilikuwa naelewa anachouliza, na nilikuwa na nafasi, nafasi kubwa tu, ya kumwambia kiasi cha kukosea, kijiko kimoja, giza la jikoni, makopo yanafanana. Uso wake ulikuwa wazi na niliweza kusoma jibu alilokuwa analitamani kama nilivyosoma mengine yote mwanzoni. Lakini nilikuwa nimeapa juu ya kinu, na nilikuwa na miaka kumi na minane, na nilidhani kweli ni kitu cha aina moja.

"Cha kukusudia, Shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu, akasema ahsante, akainuka kwenda kuswali alasiri. Aliishi katika nyumba ile miaka kumi na moja zaidi, akafia humo humo, na kahawa yake ilisifiwa mpaka mwisho, kwanza kwa ulimi wangu, halafu kwa ulimi wa wasichana wengine niliowaachia kazi nilipoolewa. Hamidu alikuja kila Idi. Mama yake alimpikia wali, alimpikia pweza, alimpikia mkate wa kumimina, alimkumbatia na kumwombea dua. Kahawa hakumpikia tena, na yeye hakuwahi kuuliza kwa nini.